Nyota wa roki na timu ya Buffalo: Wapenzi walipima mkataba, si jina

Na Mwandishi Wetu

Kiangazi cha mwaka 2014 kiliukuta mji wa Buffalo, magharibi ya jimbo la New York nchini Marekani, katika mabishano makali. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, Buffalo Bills, ilikuwa imetiwa sokoni, na miongoni mwa waliojitokeza kuinunua alikuwa Jon Bon Jovi, mwanamuziki wa roki ambaye sahani na kaseti zake zimeuzwa kwa mamilioni duniani kote. Mtu angetegemea wapenzi wa timu wafurahie kupata mwenye jina kubwa namna hiyo. Badala yake, baadhi ya baa zilibandika matangazo kwamba humo ndani nyimbo zake hazipigwi, na vituo kadhaa vya redio navyo vikaziondoa hewani.

Kwa juu juu jambo hili ni kichekesho, na magazeti mengi yaliliandika hivyo. Lakini ukilitazama kwa jicho la biashara, wale waliokuwa wakibishana baa walikuwa wakifanya kazi ambayo wawekezaji wengi huikwepa. Hawakuishia kuuliza mnunuzi ni nani na ana fedha kiasi gani. Waliuliza amefungwa na nini. Wiki hii ukurasa huu unaipitia hesabu yao, kwa sababu swali hilo linamhusu kila anayeweka fedha yake mahali ambapo mwenye hisa nyingi ni mtu mwingine.

MALI ILIYOACHWA NA MAREHEMU

Bills ilianzishwa na Ralph Wilson, mfanyabiashara wa Detroit, ambaye mwaka 1959 alilipa dola 25,000 ili apate nafasi katika ligi mpya iliyoitwa AFL. Timu ilianza kucheza mwaka 1960. Ligi hiyo baadaye iliungana na NFL, ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, na Wilson akaendelea kuishika timu yake hadi alipofariki tarehe 25 Machi 2014, akiwa na umri wa miaka 95. Baada ya kifo chake, timu iliwekwa mikononi mwa wadhamini wa mirathi, nao wakaipa benki ya uwekezaji ya Morgan Stanley kazi ya kutafuta mnunuzi.

Wadhamini wa mirathi hawauzi kwa mapenzi. Kazi yao ni kuhakikisha mali ya marehemu inapata bei nzuri. Hapo ndipo hofu ya watu wa Buffalo ilipoanzia, maana mji wao si tajiri. Sensa ya mwaka 1950 ilihesabu watu 580,000 ndani ya mji. Ile ya mwaka 2010 ilihesabu 261,000, yaani chini ya nusu. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem Steel katika kitongoji cha Lackawanna kilisimamisha sehemu kubwa ya kazi mwaka 1983, na maelfu wakapoteza ajira.

Mji huo ulikwisha kupoteza timu hapo nyuma. Mwaka 1978 timu yao ya mpira wa kikapu, Buffalo Braves, ilihamishiwa San Diego, na mwaka 1984 ikaenda Los Angeles. Leo inaitwa Clippers. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2014, wakati Buffalo wakibishana juu ya Bon Jovi, Clippers iliuzwa kwa dola bilioni 2. Mali iliyowahi kuwa yao iliuzwa kwa bei hiyo, na Buffalo haikupata hata senti.

Walikuwa na mifano mingine pia. Mwaka 1984 timu ya Colts iliondoka Baltimore usiku, magari ya mizigo yakapakia vifaa na kwenda Indianapolis. Mwaka 1995 mmiliki wa timu ya Cleveland alitangaza kuihamishia Baltimore. Kwa hiyo wapenzi wa Bills walipoona timu imetiwa sokoni, hawakuwa wakiogopa kivuli.

KWA NINI MJI MDOGO UNA MALI YA BEI KUBWA

Msomaji anaweza kuuliza: mji unaopungua watu unawezaje kuwa na timu ya thamani ya zaidi ya dola bilioni moja? Jibu liko katika namna NFL inavyogawa mapato. Fedha za haki za televisheni za taifa hukusanywa katika kapu moja na kugawiwa sawa kwa timu zote 32. Timu ya mji mdogo hupata fungu lile lile analopata jirani yake wa New York.

Kwa kawaida vitabu vya timu hizi ni siri ya wenyewe. Ipo moja tu inayotoa hesabu zake hadharani, nayo ni Green Bay Packers, ambayo hisa zake zimo mikononi mwa wananchi. Hesabu zake za mwaka ulioishia Machi 2014 zilionyesha kwamba mgawo wa taifa pekee ulizidi dola milioni 180. Hiyo ni fedha inayoingia kabla tiketi moja haijauzwa mlangoni.

Kinachotofautisha timu moja na nyingine, basi, ni mapato ya nyumbani: vyumba vya kifahari uwanjani, matangazo ya makampuni ya mjini, maegesho, vinywaji. Katika mapato hayo mji tajiri hushinda. Mfanyabiashara aliyepanga fremu anaijua hesabu hii. Bidhaa ni ile ile, lakini ukiihamisha kutoka mtaa wa pembeni kwenda barabara kuu, mauzo hubadilika. Kwa mnunuzi wa Bills, kishawishi cha kuhama kilikuwa ndani ya bei yenyewe.

HOJA ZA WALIOMTAKA

Si kila mtu alimpinga Bon Jovi. Waliomtetea walikuwa na hoja za maana, nasi hatuna budi kuzitoa kwa haki.

Kwanza, hakuwa mgeni katika biashara ya timu. Alikuwa mmoja wa wamiliki waanzilishi wa Philadelphia Soul, timu ya mpira wa Kimarekani unaochezwa ndani ya ukumbi, iliyoanza mwaka 2004. Mwaka 2008 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Kwa hiyo alikwisha kujifunza kulipa mishahara ya wachezaji, kuuza tiketi na kutafuta wadhamini.

Pili, alifahamika kwa ukaribu wake na watu wa NFL, akiwemo Robert Kraft, mmiliki wa New England Patriots. Hili si jambo dogo. Katika ligi hiyo mnunuzi hakubaliki mpaka angalau wamiliki 24 kati ya 32 wampigie kura. Mtu anayejulikana mezani hupita kwa urahisi kuliko asiyejulikana.

Tatu, jina lake ni mtaji. Timu ya Buffalo ilishiriki fainali kubwa ya Super Bowl mara nne mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994, ikashindwa zote nne. Baada ya msimu wa 1999 haikuwa imeonekana tena katika hatua ya mtoano. Waliomuunga mkono waliona kwamba mmiliki maarufu angeiweka timu mbele ya wadhamini wakubwa na wachezaji wazuri ambao hawakuwa wakipenda kwenda kwenye mji wa theluji nyingi.

HOJA ZA WALIOMKATAA

Upande wa pili haukubisha juu ya muziki wake wala uwezo wake. Ulitazama wale aliokuja nao.

Bon Jovi hakuwa peke yake. Wenzake katika kundi hilo walikuwa Larry Tanenbaum, mwenyekiti wa kampuni ya michezo ya Maple Leaf Sports & Entertainment, na Edward Rogers wa familia inayomiliki sehemu kubwa ya kampuni ya mawasiliano ya Rogers. Wote wawili ni watu wa Toronto, Kanada. Toronto ndiyo mji mkubwa kuliko yote nchini Kanada, wenye makampuni na mabenki yake, na haujapata kuwa na timu ya NFL. Kutoka Buffalo hadi huko ni mwendo wa kilometa zipatazo 160 tu kwa barabara.

Zaidi ya hayo, kampuni ya Rogers ilikwisha kuionja biashara hii. Kuanzia mwaka 2008 iliilipa Bills dola za Kanada milioni 78 ili michezo minane katika miaka mitano ichezewe Toronto. Kila mwaka mchezo mmoja wa ligi ambao mtu wa Buffalo angeutazama nyumbani ulivushwa mpaka. Mwaka 2013 mkataba huo uliongezwa. Wapenzi waliona katika mpango huo mnunuzi anayepima kitambaa kabla ya kukata shati.

Ilikuwepo pia kanuni ya ligi. NFL haikuruhusu kampuni kumiliki timu. Ilimtaka mtu mmoja awe mmiliki mkuu mwenye angalau asilimia 30 ya hisa. Ukichukua bei ya dola bilioni 1, asilimia 30 ni dola milioni 300. Swali la wapenzi likawa: mwanamuziki ndiye mwenye sauti, au ni uso wa mbele tu na sauti iko Toronto? Katika soko la hisa swali hili lina jina lake: nani hasa ana madaraka ya mwisho. Mara nyingi halijibiwi na jina lililoandikwa kwenye bango.

BARUA ISIYOTAJA NENO MOJA

Manung'uniko yalipozidi, Bon Jovi alijibu. Mwanzoni mwa Agosti 2014 barua yake kwa watu wa Buffalo ilichapishwa katika gazeti la Buffalo News. Ilikuwa barua ya heshima. Alimsifu marehemu Wilson, akasema lengo la kundi lake ni kuendeleza kazi yake na kuifanikisha timu hapo hapo Buffalo.

Wapenzi waliisoma kama mwanasheria anavyosoma hati. Walitafuta sentensi moja tu: kwamba timu haitahamishwa kamwe. Hawakuiona. Kulikuwa na nia njema na maneno ya mapenzi, lakini ahadi yenye kufunga haikuwemo. Wakati huo huo mashirika ya habari yaliripoti kwamba kundi lile lilikuwa limefanya uchunguzi wa uwezekano wa kujenga uwanja Toronto.

Tuwe waadilifu. Wapo wanunuzi ambao hawatoi ahadi ya milele kwa sababu wanajua hakuna anayeweza kuitimiza kwa hakika. Kukaa kimya juu ya jambo si ushahidi wa hila. Lakini mnunuzi anayejua kwamba mteja wake ana hofu moja tu, kisha akaandika barua nzima bila kuigusa, hawezi kulalamika mteja akipunguza bei kichwani mwake. Katika taarifa za makampuni pia, msomaji mzoefu hutazama kilichoachwa kama anavyotazama kilichoandikwa.

KARATASI ILIYOUFUNGA MLANGO

Kelele za baa hazikuwa ndizo kinga kubwa ya Buffalo. Kinga yao ilikuwa karatasi iliyotiwa saini mwaka mmoja kabla ya Wilson kufariki.

Mwaka 2013 timu, jimbo la New York na wilaya ya Erie walisaini mkataba mpya wa kukodi uwanja kwa miaka 10. Uwanja ulikuwa ukarabatiwe kwa takriban dola milioni 130, sehemu kubwa ikitoka katika fedha za umma. Kwa kuwa umma ulikuwa unatoa fedha, wawakilishi wake walidai dhamana. Iliandikwa kwamba timu ikihama ndani ya muda wa mkataba italipa fidia ya dola milioni 400. Hata mauzo yalibanwa: timu haikutakiwa iuzwe kwa mtu mwenye nia ya kuihamisha katika kipindi hicho.

Ulibaki upenyo mmoja tu. Baada ya mwaka wa saba timu ingeweza kujitoa kwa kulipa takriban dola milioni 28. Mfanyabiashara yeyote ataona tofauti ya milioni 400 na milioni 28. Kabla ya upenyo huo, kuhama ni hasara kubwa. Ukifika, ni gharama ya kawaida ya kuhamisha mzigo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye subira angeweza kununua, kukaa miaka sita, kisha kuondoka. Hii ndiyo sababu wapenzi hawakuridhika na kauli ya "timu ina mkataba". Walitaka kujua mnunuzi atafanya nini siku mlango utakapofunguka.

MBIU ILIPIGWA NA NANI?

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika kisa hiki, hata waliopiga mbiu walikuwa na yao.

Miongoni mwa waliotaka kuinunua Bills alikuwa Donald Trump, ambaye miaka miwili baadaye alichaguliwa rais wa Marekani. Katika miaka ya 1980 alikuwa na timu ya New Jersey Generals katika ligi pinzani ya USFL. Ligi hiyo iliishtaki NFL mahakamani, ikashinda kesi mwaka 1986 na kupewa fidia ya dola moja, ambayo kwa mujibu wa sheria ilizidishwa mara tatu.

Mwezi Oktoba 2017 jarida la GQ lilichapisha maelezo ya Michael Caputo, mtaalamu wa kampeni za siasa wa eneo la Buffalo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishiriki kuandaa na kuchochea kampeni ya kumkataa Bon Jovi kwa ajili ya Trump, ili kundi la Toronto lipoteze nguvu. Haina maana kwamba hofu ya wapenzi ilikuwa ya kupandikizwa. Watu waliishi na kumbukumbu ya Braves na michezo ya Toronto kabla ya kampeni yoyote. Lakini inaonyesha kwamba hofu ya kweli inaweza kupulizwa na mtu mwenye dau mezani.

Kwa mchuuzi wa hisa na mfanyabiashara wa sokoni, funzo liko wazi. Taarifa ikienea kwa kasi, maswali ni mawili. La kwanza: je, ni ya kweli? La pili: nani atanunua kwa bei ndogo, au nani atabaki peke yake mnadani, watu wakiiamini? Taarifa inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa imesukumwa na mtu kwa faida yake.

SIKU YA MNADA

Mwisho wa yote, dau ndilo lililokata maneno. Trump alisema alikuwa tayari kutoa dola bilioni 1. Dau la kundi la Bon Jovi liliripotiwa kuwa dola bilioni 1.05. Terry Pegula na mkewe Kim walitoa dola bilioni 1.4, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa timu yoyote ya NFL hadi wakati huo. Makubaliano yalitangazwa Septemba 2014, na tarehe 8 Oktoba wamiliki wa ligi waliyapitisha bila kura ya kupinga.

Pegula alikuwa amepata utajiri wake katika gesi. Mwaka 2010 aliuza sehemu kubwa ya kampuni yake ya East Resources kwa Shell kwa dola bilioni 4.7. Mwaka 2011 aliinunua Buffalo Sabres, timu ya mpira wa magongo wa barafuni wa mji huo huo. Kwa wapenzi, hii ilikuwa dhamana isiyohitaji barua, maana alikwisha kuweka fedha Buffalo na timu yake ilikuwa haijahama.

Je, wapenzi walishinda? Kwa sehemu. Mirathi ilipata bei ya juu kabisa, na aliyetoa bei hiyo ndiye ambaye mji ulimtaka. Mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Kama kundi la Toronto lingetoa bilioni 1.6, baa na redio zisingetosha kuwazuia wadhamini kusikiliza. Hapo kingebaki kile kilichoandikwa: fidia ya milioni 400, kizuizi cha kumuuzia mhamaji, na upenyo wa mwaka wa saba. Sauti ya wapenzi iliongeza usumbufu kwa mnunuzi. Mkataba ndio ulioongeza gharama.

Kwa upande wa mirathi, dola 25,000 za mwaka 1959 zilikuwa zimezaa dola bilioni 1.4, yaani mara 56,000, bila kutoa kile alichokitumia Wilson katika miaka yote 54. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliwekwa katika mfuko wa hisani wenye jina lake, ulioanza na dola bilioni 1.2 kwa ajili ya magharibi ya New York na kusini-mashariki ya Michigan, ukitakiwa kuzitumia zote ifikapo mwaka 2035.

MWANAMUZIKI MWINGINE ALIYEPOKEWA KWA NDEREMO

Asije msomaji akadhani kwamba wapenzi wa michezo huwachukia wanamuziki. Nchini Uingereza, Elton John alichukua uenyekiti wa klabu ya Watford mwaka 1976, wakati ikicheza daraja la nne. Alimwajiri kocha Graham Taylor mwaka 1977. Mwaka 1982 klabu ilifika daraja la kwanza, msimu uliofuata ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool, na mwaka 1984 ikacheza fainali ya Kombe la FA. Elton John aliwahi kuiachia klabu kisha akarudi mwaka 1997, na mashabiki wa Watford hadi leo wanamheshimu.

Wote wawili ni wanamuziki, wote ni matajiri na wote wanaupenda mchezo. Tofauti ni kwamba Elton John alikuwa shabiki wa Watford tangu utotoni, na hakuna aliyekuwa akimsubiri mji wa jirani na uwanja mpya mkononi. Katika mpira wa Uingereza ni vigumu sana klabu kung'olewa na kupelekwa mji mwingine. Marekani ni jambo lililokwisha kutokea mara nyingi. Hatari haikuwa katika gitaa. Ilikuwa katika kanuni za biashara iliyomzunguka mwenye gitaa.

BILI YA KUBAKI

Kisa hiki kingekuwa kitamu zaidi kama kingeishia mwaka 2014. Lakini mwenye mali, hata yule mwema, hufika siku ya kudai.

Mwezi Machi 2022 yalitangazwa makubaliano ya kujenga uwanja mpya Orchard Park, kitongoji cha Buffalo, kwa makadirio ya mwanzo ya dola bilioni 1.4, na ukapangwa kutumika kwa msimu wa 2026. Katika kiasi hicho, dola milioni 850 zilitoka katika fedha za umma: milioni 600 za jimbo na milioni 250 za wilaya. Gharama zilipanda baadaye, na ongezeko hilo likawa juu ya timu. Wenye tiketi za msimu nao walitakiwa kwanza kununua haki ya kukalia kiti, mbali na bei ya tiketi yenyewe.

Mwezi Desemba 2024 wamiliki wa ligi walimruhusu Pegula kuuza takriban moja ya tano ya hisa kwa wawekezaji wadogo wadogo, ikiwemo kampuni ya uwekezaji ya Arctos na wachezaji wa zamani wa mpira wa kikapu Vince Carter na Tracy McGrady. Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Ni haki ya mwenye mali. Tunachosema ni kwamba mpenzi aliyepiga marufuku nyimbo za Bon Jovi mwaka 2014 alikuwa analinda kitu ambacho hana hisa nacho. Mali ilipopanda thamani, faida ilikwenda kwa mwenye hati. Uwanja ulipohitajika, sehemu ya gharama ilikuja kwake kama mlipakodi, na nyingine kama mnunuzi wa tiketi.

Wapo waliotoa mfano wa Green Bay, ambako hisa ni za wananchi na timu haiwezi kuuzwa kwa mgeni akaihamisha. Mfano huo ni mzuri, ila usieleweke vibaya. Mwaka 2011 Packers waliuza hisa kwa dola 250 kila moja, na mwaka 2021 kwa dola 300. Hisa hizo hazina gawio, na huwezi kuzipeleka sokoni ukapata faida. Anayenunua ananunua uhakika kwamba timu itabaki, basi. Anayetafuta faida ya fedha aende kwingine. Zaidi ya hayo, kanuni za NFL haziruhusu timu nyingine kumilikiwa kwa mtindo huo.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Tukiacha mpira, kisa cha Buffalo kinamwachia msomaji wetu mambo manne ya kuandika daftarini kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza, usinunue jina. Mtu maarufu kwenye bodi au kwenye tangazo anaweza kuvuta wateja, lakini hawezi kuwa dhamana. Tafuta wenzake ni akina nani na nani ana kura ya mwisho.

Pili, tazama faida ya mnunuzi iko wapi. Kama mali ingekuwa na thamani zaidi mahali pengine au katika matumizi mengine, amini kwamba mnunuzi amekwisha kupiga hesabu hiyo, hata kama hajaisema.

Tatu, tafuta upenyo katika mkataba. Fidia ya milioni 400 ilisomeka vizuri mpaka mtu alipofika kwenye kifungu cha milioni 28. Ulinzi wa mkataba hauzidi nguvu ya kifungu chake kilicho dhaifu, na mara nyingi kifungu hicho kimewekewa tarehe. Iandike tarehe hiyo.

Nne, kelele za umma zina nguvu kabla ya saini kuliko baada yake. Wawakilishi wa New York walidai ulinzi mwaka 2013, wakati timu ilipokuwa inahitaji fedha za ukarabati. Huo ndio wakati wa mdogo kumbana mkubwa: anapokuja kuomba. Ukichangia mtaji leo na kusubiri kudai haki zako mwakani, utakuta hana tena haja nawe.

Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Buffalo walikuwa na habari tele juu ya mnunuzi wao. Waliponea kwenye yale machache yaliyokuwa yameandikwa, na kwenye mtu mwingine kutoa fedha zaidi.